Vipimajoto vya Kefa

Ungemwona Kefa Mligo akiinama kusoma kipimajoto, ungedhani anasali. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa msomaji wa hali ya hewa katika shamba la miti ya miwati karibu na Njombe, na Wazungu wa pale walimwamini kuliko saa zao. Majirani walimwita Bwana Baridi.

Mwaka 1951 mkewe, Avelina, alianza kubanwa kifua. Nyumba ilihitaji matengenezo, lakini uwezo wa Kefa ulitosha kazi moja tu: kuezeka bati, au kubomoa chumba cha nyuma alimolala Avelina na kukijenga upya juu ya msingi wa mawe. Mtu mwingine angeamua jioni moja. Kefa aliazima vipimajoto viwili vya kioo, kimoja akakivika kitambaa kilicholowa maji, akavitundika chumbani humo. Vipimo vyake vikiachana sana, hewa ni kavu. Vikikaribiana, kuna unyevu.

Mwezi mzima wa Juni, kila saa nne asubuhi, alitoka shambani kuja kusoma na kuandika katika kitabu cha vipimo cha Wazungu. Viliachana vizuri. Siku tatu tu, Avelina alipokwenda Kichiwa kumzika dada yake, vilikuwa karibu sawa. Kefa alikagua kitambaa, akaguna, akazikata siku hizo kwa wino mwekundu: kifaa kimekosea. Akaezeka bati. Lilimeta hadi barabarani, naye, tuseme kweli, alijivuna.

Masika ya pili Avelina hakuinuka tena kitandani. Fundi Yoeli aliitwa kuutazama ukuta nyuma ya mto wake. Alipoubonyeza, kidole kilizama.

"Vipimo vilisema ni pakavu," Kefa alisema.

"Nilikuwa naweka chungu cha makaa ya moto humu kila asubuhi, hewa ikauke," Avelina akajibu. "Nakitoa ukikaribia kufika. Niliona aibu. Nyumba yangu iandikwe kwenye kitabu cha Wazungu kwamba ina baridi na unyevu, kama vile haina mwanamke?"

Kefa alikaa chini. Siku tatu alizozikata ndizo pekee zilizosema kweli. Hasira ilimpanda, ila hakujua amkasirikie nani.

"Kwa nini hukuniambia kwamba unalala kwenye maji, mke wangu?"

Avelina alikohoa hadi kikohozi kikamwachia.

"Uliviuliza vile vioo, Baba Ema. Mimi hukuniuliza."