Sinia la Mama Mutheu

Nakumbuka Jumamosi moja mchana kule Mbotela, mtaa wa Eastlands, mwanangu, wanawake wakizozana kwenye mfereji wa maji, nilipoona polisi wawili wakija moja kwa moja kwenye mlango wetu. Mmoja alikuwa koplo, mtu mzima. Wa pili alikuwa konstebo kijana, na huyo nilimjua.

Siku chache kabla, alikuwa amenisimamisha kituo cha basi, Jogoo Road. Nilimwonyesha kitambulisho, lakini akaendelea kunipapasa mifukoni. Nilipomuuliza anatafuta nini, watu walicheka, naye akaniambia polepole, "Nitakuja kukitafuta kwako." Miaka ile ya sabini kila kijana wa Eastlands alijua maana ya maneno hayo. Msokoto wa bangi ungeweza kuokotwa chini ya godoro la mtu asiyevuta hata sigara, na mahakamani nani angemsikiliza? Nilikuwa bado najifunza useremala. Kifungo kingenimaliza.

Niliinuka nipitie dirisha la nyuma. Mama Mutheu, mjane aliyenipangisha chumba nyumbani mwake, alinidaka ukosi wa shati.

"Unaenda wapi?"

"Mama, huyo ndiye yule niliyekwambia."

"Ukikimbia utakuwa umemsaidia kazi. Keti. Na usifungue mdomo, mdomo wako ndio umetuletea wageni."

Alifungua mlango, akaita kuelekea mferejini, "Mama Njoki! Njooni nyote, tuna wageni!" Wanawake wakaja na ndoo zao.

Koplo alisema wameambiwa humu mna bangi.

"Karibuni mpekue," Mama Mutheu alijibu. "Nyumba ni ndogo, hamtachoka." Kisha akachukua sinia lake la chai, akaondoa kitambaa alichokifuma mwenyewe, akalishika mbele yao pale mlangoni. "Ila, afande, kwangu anayepekua huanza na mifuko yake. Wekeni vyenu hapa majirani waone, mtavichukua mkitoka. Baada ya hapo, kitakachopatikana ndani ni changu, mnifunge mimi."

Konstebo alicheka. "Mama, wewe ndiwe utapekua serikali?"

"Serikali siiwezi, mwanangu. Ni koti lako tu."

Koplo alishika rungu lake. Angeweza kumsukuma yule mama kando na kuingia, na sote tulijua hivyo. Ndipo Mama Njoki akaanza kusoma namba ya konstebo iliyokuwa begani, kwa sauti, na jirani mwenzake akairudia. Mwingine akauliza, "Mbona mwaogopa mifuko? Ama mmebeba mayai?"

Koplo aliwatazama, akalitazama sinia. Akatoa leso, kibiriti, funguo. Akaigeuza mifuko nje. Kisha akamgeukia mwenzake. "Na wewe. Toa."

Mkono wa kulia wa konstebo ulikuwa ndani ya mfuko wa koti. "Mimi nitangoja nje, afande."

Koplo alimkodolea macho, kisha akaingia peke yake. Akainua magodoro, akachunguza hata debe la unga. Alipotoka, Mama Mutheu alimuuliza amepata nini.

"Hakuna kitu."

"Waambie na hawa."

Akawageukia wale wanawake, akapaza sauti. "Hatukupata kitu katika nyumba hii."

Ndipo sinia likarudia kazi yake. Koplo alipewa chai, nami nikakabidhiwa kikombe cha pili. "Mpelekee yule wa nje." Nikampelekea. Konstebo alikipokea kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa bado mfukoni, na koplo aliuona.

Jioni nilianza kucheka. Mama Mutheu hakucheka. "Baba Mutheu walimchukua kwa kitu kilichotoka chini ya kitanda hiki," alisema. "Nilikuwa peke yangu, na sikuitazama mikono yao wakiingia."

Jumatatu alikwenda na majirani kwa mkubwa wa kituo. Waliwekwa kwenye benchi mpaka mchana, lakini walisikilizwa. Konstebo alifanywa nini, sijui, kwetu hakurudi.

Mwanangu, sheria humruhusu askari kukupekua, lakini haimruhusu kujificha anapofanya hivyo. Usikimbie wala usimtukane. Muulize kwa adabu jina, namba, na anachokitafuta. Ita watu kabla hajaingia, maana wakija baadaye watakuonea huruma tu. Akimaliza, aseme mbele yao alichokipata. Ukidhulumiwa, nenda kwa mkubwa wake, na usiende peke yako. Na ikiwa siku moja utavaa sare ile wewe mwenyewe, toa vya mifukoni mwako kabla mama wa watu hajakuomba.

Mungu akulinde njiani na nyumbani. Akujalie mikono unayoweza kuionyesha mchana, na majirani watakaoacha ndoo zao mferejini wakisikia mlango wako unabishwa.