Kwaya ya Waingereza na Msiba wa Husby

Mke wangu hana ugomvi na Krismasi. Ana ugomvi na namna Waingereza wanavyoiimba. Yeye ni sauti ya pili kwenye kwaya yetu ya Kiswahili, yenye Wakongo, Watanzania na Warundi, ambako wimbo usio na ngoma, kinanda na mtu wa kupiga vigelegele unahesabika kuwa bado uko mazoezini. Mimi nina boksi la sidii nilizookota kwenye masoko ya mitumba hapa Stockholm: kwaya za makanisa makubwa ya Uingereza, wavulana na wanaume peke yao, hakuna anayetikisa hata bega.

"Wanaimba kama wanaogopa kumwamsha mtoto," alisema.

"Ndiyo maana yake," nikamjibu. "Mtoto mwenyewe kalala horini."

Hakucheka. Desemba ile akatoa hukumu: boksi lirudi sokoni lilikotoka kabla ya mkesha wa Krismasi, ila kama nitampata mtu mmoja wa kwetu, mmoja tu, atakayekaa akausikiliza wimbo mzima bila kuuliza ngoma zinaanza lini. Nilijaribu. Rafiki yangu Mkenya alivumilia ubeti mmoja, akaniuliza kama redio imekwama. Binti yetu alinijibu kwa Kiswidi kwamba ana masomo ya kusoma, jambo ambalo halijawahi kutokea siku ya mapumziko.

Nilikulia Tanga, jirani na misheni ya Waanglikana. Kila Desemba kanda za nyimbo hizo zilipigwa pale sisi tukitiririka jasho, na ndani ya kanda mle kulikuwa na baridi. Nilikuwa naisikia. Kwanza kunakuwa kimya kidogo, mtu anakohoa, halafu mvulana mmoja anaanza bila ala yoyote. Sauti nyembamba inapanda mpaka unaogopa itakatika, haikatiki, na nyuma yake kanisa zima linaitikia na kinanda kinanguruma mpaka vikombe vinatetemeka kabatini. Ninampenda hata yule anayekohoa. Nilipofika Sweden nikaikuta baridi yenyewe, nikaona kumbe kanda zile hazikunidanganya.

Basi Jumamosi moja asubuhi mke wangu akaenda soko la Skärholmen kununua ndizi mbichi na nyama ya mbuzi, na kutoka mtaani kwetu Husby hiyo ni safari ya kuvuka mji mzima. Aliniachia amri mbili: nifue zulia la sebuleni, na nikate vitunguu vya pilau. Nikalitundika zulia bafuni, nikasukuma makochi yote nje kwenye korido ya ngazi, jambo ambalo tangazo la mwenye nyumba linalikataza kwa herufi nene. Nikajifunga kanga yake kiunoni, nikaweka sidii kwa sauti ya juu, nikaanza kazi. Kufika saa tisa alasiri giza lilikuwa limeshaingia. Nilikuwa kwenye vitunguu, machozi yananitoka, mvulana wa Kiingereza anapanda.

Kengele ikalia. Alikuwa Mama wa Kikongo wa ghorofa ya juu, anayefanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, pamoja na mumewe na wanawake wawili wa kikundi chake cha maombi. Walibeba mfuko wa mchele, chupa ya chai na mkeka. Mama aliyatazama macho yangu, akanikumbatia. Wakaingia, wakatandika mkeka kwenye sakafu tupu, wakakaa, wakainamisha vichwa.

Hapo nikaelewa. Kwetu, nyumba ikitoa makochi nje na kupiga nyimbo za kanisa za polepole tangu asubuhi, hakuna anayesubiri kupigiwa simu. Watu wanakuja. Na ukishaingia huulizi mara moja amekufa nani. Unakaa kwanza, unalia na mfiwa, habari itakuja yenyewe.

Mdomo niliufungua niwaambie, naapa. Lakini wimbo ulikuwa katikati, na watu wanne wa kwetu walikuwa wanausikiliza kwa adabu ambayo sijawahi kuiona maishani. Nikaufunga. Nikajisemea, ukiisha huu nawaambia. Ukaja mwingine, mzuri kuliko ule wa kwanza.

Mume wa Mama akatazama picha ya harusi yetu ukutani, akachungulia jikoni, hakumwona mke wangu, akatikisa kichwa kwa huzuni. Mwanamke mmoja akaanza kulia kwa sauti.

"Mama muzuri vile," akasema. "Juzi tu tuliimbaka naye."

"Na pilau yake, eh!" akasema mwenzake. "Alikuwa na mudomo kidogo, lakini roho yake ilikuwa safi."

"Nani ana mdomo?"

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, mifuko ya ndizi mikononi, theluji kichwani. "Mon Dieu!" akapiga ukelele yule aliyetaja mdomo, akajificha nyuma ya mume wa Mama, na chai yote ikamwagika sakafuni.

Ilibidi nieleze. Nilieleza harakaharaka, nikaruka baadhi ya mambo. Mume wa Mama alicheka mpaka akalala chali, na wale wanawake wawili wakacheka kwa kufunika nyuso. Mke wangu hakucheka.

"Umenizika," alisema. "Umenizika mzima mzima ili ushinde ubishi wa sidii."

Akaenda moja kwa moja kwenye redio, akaizima. Akasema boksi linaondoka leo hii, si kesho. Naijua sauti yake ya utani, na ile haikuwa yenyewe. Nilijisikia vibaya, kwa ajili yake na kwa ajili ya boksi, na sitaki kusema kwa ajili ya nani zaidi.

Mama peke yake hakuwa amecheka wala kuinuka. Alikuwa bado mkekani, miguu ameinyoosha, mtandio umemfunika kichwa.

"Rudisha ile ya mutoto," alisema.

"Hakuna aliyekufa, Mama," mke wangu akamwambia kwa upole. "Mimi huyu hapa."

"Nakuona. Mungu asifiwe." Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Miye niko na wangu. Mama yangu alikufaka kwetu Uvira mwaka jana, miye niko ku kazi, naosha bamama ya bengine. Wakanipigia simu. Nikalia ku toilette, nikarudi kuosha. Sikukaaka chini hata siku moja. Leo ndiyo nimekaa."

Mumewe aliacha kucheka, akainuka, akakaa vizuri. Mimi nilitaka kwenda kwenye redio. Mke wangu ndiye aliyekwenda. Akaiweka mifuko chini, akaurudisha wimbo mwanzo, akaja kukaa ubavuni mwa Mama na kumshika mkono, hata viatu vya theluji hakukumbuka kuvua.