Sahihi ya Shemeji Kwenye Daftari la Ndege

Shemeji yangu alitia sahihi kwamba amezikagua nyaya za usukani wa ndege, ilhali nyaya zenyewe zilikuwa bado ndani ya boksi.

Boksi hilo nilikuwa nimelikalia.

Mume wangu ni fundi wa mabasi. Kwa miaka sita amekuwa akiunda ndege ndogo ya watu wawili katika banda lililo nyuma ya nyumba yetu.

Kazi hiyo ina sheria moja: aliyefunga hakagui. Yeye hufunga, kisha kaka yake mkubwa husoma ukurasa wa daftari, hukagua kila nati, ndipo hutia sahihi.

Mimi ni mwanafunzi wa kisomo cha watu wazima, mwaka wa pili. Husoma chochote chenye herufi, hata pakiti ya sabuni. Ndivyo nilivyofika kwenye daftari lile.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Jumamosi mume wangu angeirusha ndege kwa mara ya kwanza.

Nikajiuliza: mtu anakaguaje kitu ambacho hakijafungwa?

Kisha nikakumbuka kiwanja. Banda limesimama kwenye kiwanja walichoachiwa na baba yao, na shemeji alikwisha kudai sehemu yake mara mbili.

Kumbe anataka mdogo wake aanguke?

Nilipomweleza mume wangu, alicheka.

"Mama watoto, kisomo kimekugeuza askari kanzu?"

"Cheka tu. Atakayekuwa angani ni wewe, si mimi."

"Kaka kakosea ukurasa, basi. Yameisha."

Kwangu hayakuisha. Alhamisi nilichukua kalamu, nikafungua ukurasa wa mkia, nikamtega kwa kuandika kwa herufi kubwa: NATI IMELEGEA. USITIE SAHIHI. MWITE MDOGO WAKO.

Shemeji alikuja jioni. Nikajifanya nafagia.

Alizishika nati za mkia moja moja. Akafungua daftari, akautazama mwandiko wangu kwa utulivu, akaitikia kwa kichwa.

Akatia sahihi.

Ufagio ukaniponyoka.

"Shemeji! Unataka kuniachia ujane?"

"Una nini wewe leo?"

Mume wangu alikuja mbio, mikono imejaa grisi. Nikamwonyesha ukurasa. Akausoma, uso ukambadilika.

"Kaka, hapa pameandikwa nini?"

"Si mambo ya mkia hayo? Miwani nimeisahau nyumbani, bwana."

Miwani!

Jamani, mimi nimesahau miwani kliniki, benki na shuleni kwa wanangu kwa miaka ishirini, na sijawahi kumiliki miwani.

Hasira yote ikaniisha. Nikamsogelea.

"Shemeji, hata mimi nilikuwa naisahau hivyo hivyo."

Akaketi juu ya tairi, macho chini.

"Niliacha shule ili wewe uendelee," akamwambia mdogo wake. "Siku uliponikabidhi daftari ulikuwa na furaha mno. Ningekuambiaje?"

Mume wangu alijifuta grisi mikononi. Alikwenda ukutani, akaikata Jumamosi kwenye kalenda.

Tulianza upya, ukurasa wa kwanza. Mimi nilisoma kwa sauti, shemeji akakagua.

Siku ya nne nilisoma kwamba kila nati ya usukani lazima ipitishwe pini ya kuizuia isijifungue.

"Pini?" shemeji akauliza, akaingiza mkono ndani ya mkia. "Hii haina." Akapapasa tena. "Na hii pia."

Nati zilikuwa zimekaza, ndiyo maana vidole vyake viliridhika siku zote. Mume wangu ndiye aliyezisahau pini. Aliweka bisibisi chini, akaenda kuzitafuta.

Ndege ilipaa wiki sita baadaye, ikarudi salama.

Shemeji sasa huketi nyuma yangu darasani. Bado husoma kwa kukwamakwama. Lakini juzi alikataa kutia sahihi ukurasa mmoja, na mume wangu akaifungua upya kazi ya siku nzima bila kunung'unika.

Nilimdhania mtu muuaji, kumbe alikuwa akificha aibu ile ile niliyoificha mimi. Mpendwa msomaji, ukimwona mtu mzima anatia sahihi haraka haraka, usimkimbilie na shutuma.

Msomee kwanza, kwa sauti.