Aliyevuja Ni Mimi

Kwa miaka minane nilikana kwamba navuja mkojo. Mume wangu alipouliza kwa nini godoro lina harufu, nilimsingizia paka wa jirani, ambaye hakuwa na namna ya kujitetea. Binti yangu alipouliza kwa nini siku hizi najifunga kapulana mbili kiunoni, moja juu ya nyingine, nilimwambia ni heshima. Nilikuwa navuja nikikohoa, nikipiga chafya, nikicheka, nikinyanyua ndoo. Haukuwa mwingi. Ulikuwa wa kutosha tu kunifanya nijue, popote nilipo, choo kiko wapi na njia ya kutokea iko upande gani.

Huko ndiko kukana kwepesi. Kukana kwa pili kulichukua miezi mitano tu, na ndiko kunakonifanya niandike. Siku moja, ndani ya chumba cha daktari, shangazi yangu alisema anatoka damu, na mimi niliyekuwa mkalimani wake sikuisema hiyo damu kwa daktari.

Ukalimani ndiyo kazi yangu. Nilisoma lugha chuo kikuu, Maputo, nikarudi kufundisha shule ya sekondari mjini kwetu. Vita vilipotutawanya, kisha vikaturudisha wachache wachache, shule ilikuwa bado haina paa, nikapata kazi ya kutafsiri kwenye mikutano ya vijiji vinavyozunguka mradi wa gesi wa Afungi. Mgeni anasema Kireno, mimi nasema Kiswahili. Mzee wa kijiji anasema Kiswahili au Kimwani, mimi nasema Kireno. Watu wa pande zote mbili walikuwa wakinisifu kwamba sipunguzi wala siongezi. Niliipenda sana sifa hiyo, kwa sababu sikuwa nimebakiwa na nyingine nyingi.

Mikutano ile ilikuwa mirefu na viti vyake ni vya plastiki, vyeupe. Siku moja mzee mmoja aliulizwa kama ameridhika na kiwanja alichopewa badala ya shamba lake. Akajibu kwamba ameridhika sana, kiwanja ni kizuri, kina nyumba, kina choo, kimekosa tu ardhi. Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka kabla sijakumbuka kwamba mimi sitakiwi kucheka. Niliposimama, kiti changu kilikuwa kinang'aa. Nilikifuta kwa orodha ya mahudhurio, nikaikunja nikaitia mkobani. Hadi leo haijulikani nani walihudhuria mkutano ule.

Nilikuwa pia nimeacha kwenda kuswali pamoja na wanawake wenzangu, maana udhu wangu haukufika rakaa ya pili. Wao walisema Maputo imeniondolea dini. Sikuwabishia. Nilipendelea kuonekana nimepoteza imani kuliko kuonekana ninavuja.

Baada ya kiti kile nikaamua kutibiwa. Ilikuwa bahati kwamba kituo cha afya kilikuwa kimepata daktari mwanamke, mgeni kutoka kusini, ambaye angekaa kwetu wiki chache. Kizuizi kilikuwa mezani, nje ya mlango wake. Pale alikaa muuguzi mmoja niliyemfundisha na kumfelisha mara mbili. Yeye ndiye aliyeandika majina, na daktari akishamaliza, karatasi yenye jina na ugonjwa ilirudi kwake. Aliisoma kwa sauti ili mgonjwa asikie dawa zake, na benchi lote likasikia pamoja naye. Sikutaka jina langu lisomwe pale. Nikafikiri, kwa akili zote nilizosomeshwa, kwamba jina la mtu mwingine lingefaa zaidi.

Shangazi yangu, dada mdogo wa marehemu baba, alikuwa amepita miaka sitini. Alikuwa na miezi mingi akiniomba nimpeleke hospitali kwa ajili ya magoti. Nikawaza: bibi wa umri wake akiandikwa kwamba anavuja, hakuna atakayegeuza shingo. Nitaingia naye kama mkalimani, nitaeleza yangu kwa Kireno, nitatoka na dawa. Ya magoti nitamnunulia mwenyewe dukani. Sikuona kwamba ninamwibia kitu. Lakini yeye ndiye aliyekuwa kungwi wangu, ndiye aliyenicheza unyago nikiwa na miaka kumi na mitatu, na kwa desturi yetu mambo ya chini ya kitovu mtu huanza kuyapeleka kwa kungwi wake kabla ya kwingine kokote. Ningemwambia yeye tu, pengine nisingehitaji daktari. Lakini mtu aliyesoma haendi kwa kungwi.

Muuguzi aliponiona alisimama.

"Mwalimu, nimwite mhudumu aje awatafsirie?"

"Na mimi nitakuwa nafanya nini?" nikasema.

Akacheka. "Kweli, mwalimu. Ingieni."

Tukaingia wawili, mlango ukafungwa. Daktari alikuwa msichana mwenye macho ya kuchoka. Akauliza kwa Kireno mama anasumbuliwa na nini.

"Anauliza una nini," nikamwambia shangazi.

"Mwambie magoti. Hili la kushoto linalia kama mlango."

Nikamgeukia daktari nikamweleza kwamba mama huyu anapokohoa au kunyanyua kitu, mkojo humtoka.

"Tangu lini?" akauliza daktari. Nikamuuliza shangazi.

"Tangu nilipokuwa naenda shamba Diaca kwa miguu. Kwani wewe hujui? Ulikuwa unakuja kula muhogo wake."

"Miaka minane," nikamwambia daktari.

Ilikwenda vizuri. Naona haya kuandika kwamba nilifurahia, kama mtu anayefanya kazi aliyoizoea. Daktari alikuwa anaandika. Shangazi akautazama mlango, akaona umefungwa kweli, akaniinamia.

"Hapa hakuna mwanamume?"

"Hakuna."

"Basi mwambie na hili. Damu imerudi. Nilishaagana nayo kabla wewe hujaolewa, sasa imerudi, huu mwezi wa pili. Mwambie mimi si mwali. Nina wajukuu." Akaziba mdomo kwa mkono, akicheka kidogo kwa aibu.

"Anasema nini?" akauliza daktari.

Jibu nilikuwa nalo. Ni sentensi fupi kwa Kireno, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeiweza. Lakini niliona mara moja itakakotupeleka. Damu kwa mwanamke wa umri ule maana yake ni kulazwa kitandani apimwe, na ili apimwe muuguzi angeitwa aje kusaidia. Muuguzi angemuuliza shangazi kwa lugha yake, shangazi angemtajia magoti na damu, na mkojo ungebaki hauna mwenyewe isipokuwa mimi.

"Anasema humtokea zaidi akicheka," nikajibu.

Daktari akasema hata hivyo angependa kumpima. Nikamwambia, "Tem vergonha." Ana haya. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekwisha kuambiwa, kabla hajapanda ndege, kwamba wanawake wa pwani hii ndivyo walivyo. Akasema basi aje tena akiwa tayari. Akaeleza kwamba hilo la mkojo ni jambo la kawaida kwa waliozaa, si hatari, wala halihitaji dawa. Ni mazoezi: ukaze kule chini kama unayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, uhesabu hadi tano, uachie, mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Atulie, asikate tamaa, katika miezi miwili au mitatu ataona tofauti. Kwa kuwa hapakuwa na dawa, karatasi haikusomwa pale mezani.

Nyumbani nilimweleza shangazi mazoezi hayo kama agizo alilopewa yeye. Alinitazama kwa macho ya utani.

"Hili ndilo alilosomea yule mtoto?"

"Ndilo."

"Hili nilikufundisha mimi. Ndani, siku ya tano ya unyago. Wewe ulikuwa unasinzia, nikakufinya." Kisha akauliza, "Na damu nayo inabanwa hivyohivyo?"

Hapo nilikuwa na nafasi ya pili, tena hapakuwa na muuguzi wala benchi, tulikuwa sisi wawili na ungo wa choroko. Nikasema, "Amesema tujaribu."

Akajaribu. Kila akimaliza kuswali alibaki juu ya mkeka, ametulia, midomo ikihesabu, na wajukuu waliopita walidhani anavuta uradi. Mimi nilifanya mazoezi yangu mikutanoni, juu ya viti vilevile vyeupe, huku nikitafsiri mambo ya fidia na mipaka, na hakuna aliyejua. Mwezi wa tatu nilipiga chafya kubwa mbele ya watu wote. Nikangoja. Hakuna kilichotoka. Nilitaka kumkumbatia mtu. Jioni ile nikaswali na wanawake, na mmoja wao akaniambia, "Karibu tena kwenye Uislamu, dada." Nikacheka kwa nguvu zangu zote, kavu.

Mimi nilikauka, yeye hakukauka.

Alikuwa akiniambia, "Naona inapungua," kwa sauti ile tunayomjibia mtu aliyetupa dawa kwa nia njema. Mimi nilikuwa nikisema moyoni kwamba nitamrudisha hospitali wiki ijayo. Yule daktari akaondoka. Ikaja mikutano mingine. Nikamwona shangazi akifua vitambaa vyake peke yake, nyuma ya nyumba, na kuvianika chini ya kapulana ili visionekane. Nikamwona akikaza kamba ya sketi. Niliyaona yote hayo, maana kazi yangu pia ni kutazama nyuso za watu, na kila nilipoyaona nilikumbuka kwamba nikimrudisha, swali la kwanza litakuwa: kwa nini hamkusema mara ya kwanza?

Alhamisi moja, baada ya swala ya adhuhuri, hakuweza kunyanyuka kwenye mkeka. Aliniita kwa jina la utotoni, akasema, "Njoo unisaidie, mwanangu, nimeuharibu mkeka." Nilipomwinua niliona mkeka. Kesho yake tulikuwa hospitali ya Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu.

Kule daktari alikuwa mwanamume wa makamo, mpole. Alimpima na mwenzake mwanamke, akachukua kipande kidogo cha nyama kwenye mlango wa kizazi kwa ajili ya kupimwa. Nilitafsiri kila kitu, na safari hii damu niliitaja. Akauliza imeanza lini. Shangazi, akiwa bado amelala, akasema, "Mwezi wa saba huu." Nikasema kwa Kireno, "Mwezi huu." Lilitoka lenyewe. Nimejiuliza mara nyingi kama lilitoka lenyewe, na kila mara nimejijibu kwamba hapana. Daktari akaandika. Akasema tukangoje nyumbani, atapiga simu majibu yakiwa tayari.

Simu ilikuja asubuhi, siku ya kumi na sita. Shangazi alikuwa amekaa barazani, miguu ameinyoosha, anachambua mchele. Mikono haikuwa na haraka tena.

"Ni wao?" akauliza.

"Ni wao."

"Weka sauti nisikie."

"Wanasema Kireno, shangazi."

"Weka tu. Nataka kusikia anavyosema."

Nikaweka. Daktari alinisalimia, kisha akasema ni saratani, nayo imekwisha kutoka pale ilipoanzia. Upasuaji haufai tena. Watatuliza maumivu na kuzuia damu kadiri watakavyoweza. Kisha akasema kuna jambo linalomsumbua. Aliyoyaona kwa macho yake na aliyoyapata kwenye majibu hayalingani na damu ya mwezi mmoja.

"Una hakika na ulilonitafsiria?"

Nikautazama mchele kwenye ungo.

"Muulize tena, tafadhali. Mimi nasubiri."

Nikamuuliza, "Anataka kujua damu ilianza lini."

"Si nilishamwambia? Ilikuwa imeanza kabla hatujaenda kwa yule mtoto wa kusini, siku ya magoti. Na yeye nilimwambia." Mikono ikasimama juu ya ungo. "Kwani wewe hukumwambia?"

"Sikumwambia."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia kwamba unavuja mkojo."

"Mimi sivuji."

"Najua. Aliyekuwa anavuja ni mimi."

Alinitazama kama alivyonitazama ile siku ya mazoezi, lakini safari hii hakukuwa na utani nyuma ya macho. Kutoka kwenye simu daktari akauliza, "Mama anasema nini?"

Nikamtafsiria. Nikasema damu ina miezi saba. Nikasema kwamba miezi mitano iliyopita aliisema mbele ya daktari mwingine, na mkalimani hakuifikisha. Akauliza mkalimani alikuwa nani. Nikamwambia.

Nikamuuliza kama miezi ile mitano ingebadilisha kitu.

"Wakati ule pengine tungekuwa tunazungumza habari ya upasuaji," akasema. Kisha akaongeza, bila ukali wowote, "Hapa nina muuguzi anayetoka pwani yenu. Naomba umpe mama simu."

Nikampa. Aliipokea kwa mikono miwili bila kunitazama, akaiweka sikioni, ingawa sauti ilikuwa bado imefunguliwa. Msichana wa upande wa pili akamwamkia kwa Kimwani, akamwita bibi, akaanza kumweleza polepole, neno baada ya neno, bila kumficha. Shangazi alisikiliza hadi mwisho. Aliuliza mara moja tu kama itauma, akajibiwa. Kisha akasema:

"Ahsante, mjukuu wangu. Leo nimeelewa."