Nilipozima Moto wa Mzazi

Nilitoka Tlawi kwa sababu niliitwa na wanawake. Si polisi, si ofisi ya kata, bali wanawake wa wafugaji wa tambarare za Hanang, ambao baraza lao wanaume hawalikalii na hukumu yake hata mzee mwenye ng'ombe wengi haipingi. Ujumbe ulikuja kwa simu ya Gidamis, mfugaji niliyemjengea jiko juma lililotangulia. "Fundi, njoo mwenyewe. Mtoto anaumwa kifua. Wanasema ni wewe."

Wasionijua niwaeleze. Kwetu wananiita Bwana Jaribu. Nimelima uyoga ukaoza, nimepika sabuni ya majani ikawawasha watu, nimetengeneza mkaa wa mabua ambao majirani wanaucheka mpaka leo. Nyuki walinikubali kidogo. Katikati ya hayo nimekuwa mtu wa mikutano: niling'ang'ania mikaratusi ing'olewe kwenye chemchemi yetu, na mara nyingi nimesimama mbele ya wanaume kuwaambia kuwa mwanamke ana sauti nyumbani mwake. Siku hizi najenga majiko banifu ya udongo, yenye bomba la kutoa moshi nje. Jiko ndilo lililoniponza.

Saa kumi na moja alfajiri niliwasha pikipiki. Mke wangu akashika usukani kwa mkono mmoja.

"Baba Neema, na wakikulaani?"

"Sisi ni Wakristo, Mama Neema."

"Hata mimi ni Mkristo, lakini naogopa."

Nilikuwa naogopa kumzidi, nikaondoa pikipiki.

Mbulu mjini nilipita kwenye ukungu, taa zikiwaka. Dongobesh niliagiza chai, ikanishinda. Kwenye mteremko wa kushukia Dareda sikujiamini, nikashuka na kuikokota pikipiki kwa miguu, huku siku ile ya kujenga jiko ikinirudia kichwani.

Gidamis alikuwa amenionyesha nyumba ya mke wake akasema, "Ingia, fundi, pima." Yeye akabaki nje. Ndani nilimkuta mama na kichanga cha siku chache, na moshi ulionitoa machozi. Nisiseme uongo, nilifurahi. Niliona hapa ndipo jiko langu linapotakiwa. Nikamwaga maji kwenye moto, nikang'oa mafiga, nikakanda udongo. Yule mama akawa anarudia neno moja la kwao, taratibu, huku amemfunika mtoto. Nikadhani ananishukuru. Nikamwonyesha kwa vidole asiwashe moto siku tatu, mpaka udongo ukauke. Na upepo wa Hanang usiku mnaujua ulivyo wa baridi.

Saa nne nilifika Nangwa kwa Mama Elia, mkulima aliyezaliwa kwa wafugaji hao, ambaye nilimwomba anitafsirie. Nilimweleza yote wakati anajifunga kitenge. Akaacha kujifunga.

"Uliingia nyumba ya mzazi?"

"Mume alinikaribisha."

"Hata mume mwenyewe haingii, fundi! Mpaka siku za mama ziishe."

Akapanda nyuma ya pikipiki, tukaondoka.

Saa sita tulikuwa bomani. Wanawake walikuwa wameketi kwenye nyasi, wengine na sketi zao za ngozi na bangili hadi kwenye viwiko. Wanaume walisimama mbali, Gidamis akiwa kati yao, wakitazama upande wa ng'ombe. Jiko langu lilikuwa limetupwa nje, vipande vipande.

"Shikamooni," nikasema.

Hakuna aliyeitikia. Tangu nizaliwe sijawahi kuona shikamoo ikianguka chini namna ile. Kutoka ndani ya nyumba nikasikia kikohozi kidogo sana, kisha kimya. Nikawa nasubiri kikohozi cha pili kama mtu anayesubiri yeye mwenyewe apumue.

Bibi mmoja aliyeshika fimbo akaanza kuuliza, Mama Elia akitafsiri.

"Anasema, nani alikuruhusu kuingia?"

"Gidamis."

"Nyumba ni ya nani?"

"Ya mama," nikasema, kwa sauti isiyofanana na ile ya mikutano.

"Na mama alikuambia nini?"

Nikajaribu kulitamka lile neno. Mama Elia akainamisha kichwa.

"Maana yake nini?" nikamnong'oneza.

"Toka."

Nilitaka ardhi inimeze. Nikababaika nikisema mtoto apelekwe hospitali, nina pikipiki. Bibi hakungoja nimalize.

"Anasema mtoto alishapelekwa juzi na dawa anapewa. Anauliza, ulifikiri walikaa tu wakikungoja?"

Kisha hukumu ikatoka: dume jeusi la ng'ombe lisilo na doa. Nikainama nikasema nitalileta kesho yake.

"Usilete," Mama Elia akatafsiri. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mtoto akipona watakuambia ulete, watamla ng'ombe wakufungue na kosa lako. Akifa hawataki kitu chako. Hapo ndipo watakuombea."

"Wataniombea nini?"

Hilo alikataa kulitafsiri.

Jioni nilirudi Tlawi. Neema alinikimbilia mlangoni, nami nikaogopa kumbeba. Hofu ilinikalia siku nne, na kila simu ilipolia niliangalia kwanza jina la anayepiga. Tofali za udongo nilizokuwa nimezikanda kwa ajili ya majiko mengine sikuzigusa. Katika siku hizo ndipo nilipojifunza nililokwenda kujifunza: miaka yote nilisema mwanamke asikilizwe, na siku nilipoambiwa na mwanamke mmoja neno moja, nilisikia asante, kwa sababu asante ndiyo niliyoitaka. Laana niliiogopa, sikatai. Lakini nilichokiogopa zaidi ni kwamba huenda haikuhitajika laana yoyote, kwa kuwa moto niliuzima mimi kwa mkono wangu.

Siku ya tano, saa tatu asubuhi, tulikuwa tunapalilia maharage simu ilipolia. Ilikuwa ya Gidamis. Nikapokea.

"Fundi," akasema. "Wanasema ulete ng'ombe."

Nikakaa chini kwenye tuta nikalia kwa sauti. Mama Neema akaja mbio, jembe mkononi, uso umempauka.

"Wamesema nini?"

"Wamenitoza dume, Mama Neema. Wanalitaka!"

Akalitupa jembe, akapiga kigelegele.