Bomba Linalogonga Ukutani

Watu wengine wakistaafu hutafuta kiti chenye mto mzuri wakakaa. Mzee Koki, aliyekuwa fundi bomba tangu ujana wake, alipostaafu alianza kukagua mabomba ya nchi ambayo hajawahi hata kuikanyaga. Aliyakagua kwa simu ya video, amekaa sebuleni kwake, miwani imeteremka hadi ncha ya pua. Mke wake, Bi Halo, ndiye aliyekuwa akiishika hiyo simu isiyumbe, huku akijiuliza ni kosa gani alilomkosea Mungu.

Jina la Bi Halo lilitoka kazini. Alikuwa mpokea simu wa hospitali kubwa, yule anayekaa kwenye chumba kidogo nyuma ya mapokezi akiwaunganisha watu na wodi. Fahari yake ilikuwa moja tu: hakuna simu iliyolia mezani kwake ikakosa jibu. Wenzake walimtania kwamba hata kengele ya baiskeli ikilia nje ya dirisha, yeye atasema halo. Alicheka nao, lakini sifa hiyo aliitunza moyoni kama wengine wanavyotunza dhahabu.

Mpango wa kuhama ulikuwa wake. Dada yake mkubwa aliolewa ng'ambo wakiwa bado wasichana wabichi, na tangu hapo wameonana kwa kuibia tu, likizo hii na msiba ule. Sasa mume wa Dada alikuwa amefariki, na macho ya Dada yalikuwa yanafifia. Mwanawe wa pekee aliishi mji mwingine, ghorofa ya saba, na alikuwa ameshatamka: mama akikosa mtu wa karibu, mwaka ukiisha atakuja kumchukua.

"Huko juu nitafanya nini?" Dada alilalamika kwenye simu. "Hapa najua ukuta ulipo, najua mlango ulipo. Kule nitakuwa napapasa kama mwizi."

"Mimi nakuja," Bi Halo alimwambia. "Si tuliahidiana tutazeeka pamoja? Mwambie mwanao atulie."

Kuahidi ni rahisi. Nyumba ya Dada yenyewe ilikuwa sebule na chumba kimoja, haina pa kumlaza hata paka, kwa hiyo ilibidi watafute ya kwao jirani naye. Mzee Koki hakuwa na neno. Alimpenda shemeji yake, na alisema popote penye maji yeye ataishi. Bi Halo akashukuru kwamba amepata mume mwelewa. Alishukuru mapema mno.

Dalali waliyempata kule alikuwa kijana mchangamfu, maneno yanamtoka kama amelipwa kwa kila moja. Siku ya kwanza aliingia kwenye nyumba nyeupe yenye madirisha makubwa, akaizungusha simu taratibu.

"Mzee, mama, karibuni sana. Oneni mwanga huo! Jua la asubuhi lote linaingia—"

"Achana na jua," alisema Mzee Koki. "Hatuendi kuanika nguo. Fungua bomba la jikoni."

Dalali akafungua bomba.

"Sasa la bafuni. Usilifunge la kwanza. Yote mawili yawe wazi, halafu nenda kavute maji ya choo."

"Yote kwa pamoja, mzee?"

"Kwani wewe kwenu mnapeana zamu?"

Basi dalali wa watu akawa anakimbia huku na huko, maji yanamwagika kila mahali, na Mzee Koki amefumba macho sebuleni kwake, ametega sikio. Mwisho akatikisa kichwa. Tangi la choo lilikuwa linajaa kivivu, na koki ya bafuni ilikuwa na mlio asioupenda. Bi Halo alitaka kuuliza jikoni kuna kabati ngapi. Hakupewa nafasi.

Hapo ungesema basi, nyumba imekataliwa, twende nyingine. Lakini ugonjwa wa Mzee Koki ulikuwa mbaya kuliko huo. Hakuweza kuuona ubovu akauacha. Kesho yake alimpigia dalali, akamwambia akatafute spana na tepu ile nyeupe ya kuzungushia nyuzi za bomba, akaanza kumfundisha. "Zungusha kulia. Kulia, nimesema! Mkono unaolia chakula." Wakatengeneza tangi, wakatengeneza koki. Nyumba ikawa safi. Mzee Koki akasema sasa inafaa, wataichukua.

"Samahani sana, mzee," alisema dalali siku ya pili yake. "Kuna mama mmoja alikuja kuiona, akafungua maji, akapenda. Ameshalipia."

Jambo hilo likitokea mara moja ni bahati mbaya. Lilipotokea kwa nyumba ya pili, na ya tatu, Bi Halo alianza kuhisi kichwa kinamgonga. Kule ng'ambo watu asiowajua walikuwa wanaoga vizuri kwa jasho la mume wake, na yeye mwenyewe hana pa kuweka hata sanduku. Na la kuudhi kuliko yote ni kwamba bomba la jikoni kwake, hapa hapa anapolala na kuamka, lilikuwa linavuja tangu mvua zilizopita. Mganga hajigangi. Alipomkumbusha, Mzee Koki alisema hilo si tatizo, ni la kubadilisha mpira tu.

"Sasa kwa nini hubadilishi?"

"Si tunahama?"

"Tunahamia wapi, baba? Wapi? Niambie nami nijue!"

"Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo! Langu limeshaumia!"

Ndipo Mungu akamkumbuka. Nyumba ya Dada ilikuwa moja kati ya nyumba pacha, mbili zinazotumia ukuta mmoja, na mpangaji wa upande wa pili akahama. Bi Halo aliposikia habari hiyo alipiga kigelegele. Ukuta mmoja! Walipokuwa watoto waliwahi kulala vyumba viwili vilivyopakana, yeye kwa bibi yao na Dada kwa shangazi, na kila walipozuiwa kuongea waligongeana ukutani. Dada aligonga tatu: upo? Yeye alijibu mbili: nipo. Na sheria yao ilikuwa kwamba ukigongewa unajibu hata kama una usingizi. Usipojibu, maana yake umekasirika, na asubuhi kuna kesi.

Alimpigia Dada akamwambia kwamba dalali ataingia nyumba ile mchana, naye na mumewe watakuwa kwenye simu wakiangalia. Kisha akamgeukia Mzee Koki.

"Hii nakuomba. Maji yakitoka, inatosha. Yakitoka tu."

"Nimekusikia."

"Kunisikia si kunielewa."

Mchana ulipofika dalali akaingia, na safari hii hakuuliza, alikuja na spana yake kabisa mfukoni. Nyumba ilikuwa ndogo na safi, sakafu nyekundu, ukuta wa jikoni ukiwa ndio ule unaopakana na Dada. Mzee Koki akajitahidi, tumsifu. Presha ya maji ilimridhisha, choo kilimridhisha. Bi Halo alishaanza kutabasamu.

"Haya," alisema Mzee Koki, "funga hilo la jikoni. Lifunge ghafla."

Dalali akalifunga ghafla. Na hapo hapo ukutani kukasikika: ko, ko, ko.

Mzee Koki akanyoosha kidole juu kama refa. "Umesikia hiyo?"

Ko, ko, ko.

"Hilo ni bomba linagonga. Halijakamatwa ndani ya ukuta, kila ukifunga maji linatikisika. Litapasuka. Na likipasuka ni kubomoa ukuta wote."

Bi Halo alihisi machozi ya hasira yanamjia. "Si tuhamie kwanza, tutengeneze baadaye?"

"Mama, ukuta huo ndio wa shemeji. Nikambomolee mtu asiyeona vizuri ukuta wake? Avute vumbi? Aangukiwe na tofali?"

Hapo alimpata. Bi Halo hakujua mabomba, na huyu mwanamume alikuwa amesikiliza mabomba maisha yake yote. Kwa ajili ya usalama wa dada yake, akakubali waiache. Ukuta ule uligonga mara ya tatu, polepole zaidi, kisha ukanyamaza. Dalali akashusha pumzi, akauliza kama atafute nyingine.

Siku kadhaa Bi Halo alishindwa kumpigia dada yake. Angemwambiaje? Alipojikaza akapiga, Dada alipokea kwa sauti ya mtu anayeongea na karani wa ofisi.

"Hamjambo huko?"

"Hatujambo, Dada. Kuhusu ile nyumba—"

"Usijisumbue. Nimeshamwambia mwanangu aje anichukue. Anakuja wiki hii."

"Wiki hii? Mwaka haujaisha! Kwa nini, Dada?"

Ukimya ukawa mrefu. Bi Halo aliujua ukimya wa simu, kazi yake ilikuwa hiyo, na huu alijua si wa mtandao.

"Niliwasikia mkiongea, sauti ya mumeo ilikuwa inapenya mpaka kwangu," alisema Dada. "Nikagonga. Nikagonga tena. Mara ya tatu nikaweka sikio ukutani. Hukujibu, mdogo wangu, wala hukumtuma yule kijana anigongee. Basi nikaelewa kwamba umechoka na habari zangu. Sikulaumu. Umri huu, nani anataka kubeba kipofu?"

Bi Halo hakumbuki alichojibu. Anakumbuka kwamba alilia, kwamba alisema ni mimi mjinga, Dada, ni mimi, usifunge mizigo, na kwamba Dada naye alikuwa analia kule. Miaka yote ile aliwajibu wagonjwa, ndugu za wagonjwa, walevi waliokosea namba. Aliyemwita safari hii alikuwa damu yake, naye alikaa pale na simu mkononi akamsikiliza fundi.

Machozi yalipokauka, hasira ikapanda. Alimkuta Mzee Koki sebuleni anachora mchoro wa mabomba ya nyumba nyingine.

"Bomba," alisema Bi Halo, polepole, "likifungwa ghafla linagonga mara ngapi?"

"Inategemea. Moja, au linatetemeka mfululizo."

"Linaweza kugonga tatu, likapumzika, likagonga tatu nyingine?"

Mzee Koki akavua miwani. "Kusema kweli, hilo lilinishangaza kidogo."

"Lilikushangaza! Likakushangaza ukanyamaza! Yule alikuwa dada yangu! Dada yangu anabisha hodi, wewe unamtafutia spana!"

Mzee Koki aliusukuma mchoro pembeni. Nywele zake nyeupe zilikuwa zimesimama upande mmoja, na kwa mara ya kwanza tangu astaafu alionekana mzee kweli. Akasema kwa sauti ndogo, "Mimi najua mabomba tu, mke wangu. Kila nikisikia kitu, nasikia bomba."

Bi Halo angekuwa na nafasi angemwonea huruma. Alikuwa tayari anampigia dalali.

"Ile nyumba pacha bado ipo?"

"Ipo, mama, ila kuna mtu anakuja leo jioni na—"

"Mwambie asije. Tunaichukua."

"Na lile bomba linalogonga? Mzee amekubali?"

"Mzee alikubali siku aliponioa. Andika."

Mwana wa Dada alifika akamkuta mama yake amekaa juu ya sanduku ambalo hajaweka hata kanga moja ndani yake, na mama huyo akakataa kuinuka. Ikabidi mwana asubiri. Tena yeye ndiye aliyekwenda kuwapokea wageni, akawabebea mizigo mpaka mlangoni, na sanduku lililomvunja mgongo lilikuwa la spana. Mama na mama mdogo wake walitaka kukumbatiana hapo hapo barazani, lakini Dada akasema hapana, si hivyo. Akamkabidhi mdogo wake ufunguo.

"Ingia kwako kwanza," alisema. Akarudi ndani akipapasa, akafunga mlango wake.

Bi Halo akaingia jikoni na koti lake mwilini. Mzee Koki alikuwa ameshafika kwenye bomba, ungedhani lina sumaku. Alilifungua, akainamisha kichwa, akalifunga.

Ko, ko, ko.

Mkono wa Mzee Koki ulikwenda wenyewe mfukoni ukatoka na spana. Akaiangalia. Akamwangalia mke wake, aliyekuwa amesimama mbele ya ukuta na ngumi juu, tayari kujibu mbili. Bomba lilikuwa bado linadondosha maji, tone moja moja, na kwa hakika lilihitaji mpira mpya.

Hakusema neno kuhusu mpira. Alimpa mke wake spana.

"Gonga na hii," alisema. "Asikie vizuri."