Bahasha ya Presha

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha pasi, Mama Pasi hujibanza nyuma ya kabati la mashuka, huvua gauni, huligeuza ndani nje, kisha hulivaa tena. Mishono inakaa nje, upande laini unakaa mwilini, na juu yake hufunga aproni ili wenzake wasione. Mfuaji mmoja aliwahi kumfuma akamwuliza kama amevalia gizani. Mama Pasi alicheka naye, maana kucheka kulikuwa kazi ndogo kuliko kueleza.

Ni mwaka wa kumi na tisa huu anapiga pasi nguo za hospitali: mashuka, foronya, magauni ya chumba cha upasuaji. Jina la Mama Pasi alipewa na wauguzi, na siku hizi hata mumewe humwita hivyo akitaka kumtania. Mtu ambaye riziki yake ni kitambaa, na kitambaa hichohicho kikimgusa ubavu wa kushoto anaona nyota mchana. Kama kuna aliyempangia hivyo, basi huyo hana utani mzuri.

Mambo yalianza miaka miwili nyuma, alipopatwa na mkanda wa jeshi. Malengelenge yaliota mgongoni, yakazunguka chini ya titi la kushoto, yakaishia katikati ya kifua. Watu wakasema yale wanayoyasema siku zote, kwamba mkanda ukikutana ncha kwa ncha basi mgonjwa hana siku nyingi. Haukukutana. Baada ya wiki nne magamba yalidondoka, yakabaki makovu ya rangi ya majivu, na kila aliyempa pole akarudi kwenye shughuli zake.

Maumivu peke yake ndiyo hayakurudi yalikotoka. Yaliganda palepale chini ya kovu. Mara ni moto, mara ni sindano, mara ni kama mtu amemmwagia maji ya chai na kuondoka. Upepo wa feni ulitosha kumtoa machozi. Usiku alijilaza ukingoni mwa kitanda, upande wa kulia, uso ukutani, shuka amelishusha hadi kiunoni.

Alihangaika, asikwambie mtu. Daktari wa kwanza alimpa vidonge vile vyeupe vya kila ugonjwa, akavimeza kama karanga. Mwingine akaandika "misuli" akampa dawa ya kuchua. Alipoipaka mara moja tu, jirani aligonga ukuta kuuliza kuna nini. Wa tatu alimtazama mvi akasema, "Umri nao, mama." Wakati huo alikuwa na miaka arobaini na minane. Akarudi kwenye pasi yake.

Aliyemwamini kwanza alikuwa tabibu mmoja mwembamba, mgeni pale. Huyo hakubonyeza wala hakugongagonga. Alichukua kipande cha pamba akakipitisha juu ya kovu, taratibu, na Mama Pasi akaruka nusura aanguke kitandani.

"Pole sana, mama," tabibu akasema. "Hii si misuli. Ni mishipa ya fahamu. Ngozi imepona, lakini mishipa iliyo chini yake iliharibiwa na ule ugonjwa. Sasa inapeleka habari za moto mahali ambapo hakuna moto."

"Na dawa yake ipo?"

"Zile mpya hapa hatujawahi kuziona. Kuna moja ya zamani, inasaidia. Utaichukua dirisha la mwisho."

Dirisha la mwisho lilikuwa la kitengo cha akili. Hospitali nzima ilijua, na benchi lake lilikuwa njiani, kila mpita njia anakuona.

"Daktari, mimi nina akili zangu timamu."

"Najua, mama. Kwa wale dawa inafanya kazi moja, kwako itafanya nyingine. Kidonge kimoja kila jioni, panauma hapaumi. Usitegemee miujiza. Hesabu wiki mbili, tatu. Kinywa kitakauka, na usingizi utakuzidi kidogo."

Mama Pasi alipita mbele ya benchi lile mara mbili amebeba mashuka ambayo hakuna aliyemtuma. Mara ya tatu akapiga moyo konde akakaa.

Sasa, hospitali ile ilikuwa imeishiwa bahasha za dawa siku nyingi. Mgonjwa alitakiwa aje na yake kutoka nyumbani, ya zamani, na mtoa dawa anakata maandishi ya mwanzo na kuandika mapya. Aliyekuja mikono mitupu alifungiwa vidonge katika karatasi ya daftari. Mama Pasi alikuwa na bahasha moja mkobani, ya mumewe. Ilikuwa na namba ya kadi ya mume, na neno "presha" limeandikwa kwa kalamu nyekundu. Mtoa dawa alipoinua kalamu ili akate, Mama Pasi alimzuia.

"Iache hivyohivyo, mwanangu. Mimi nitakumbuka."

"Haturuhusiwi, mama."

"Mimi ni wa humuhumu ndani. Nakupigia pasi hilo koti."

Mtoa dawa alikuwa na foleni inayofika mlangoni. Akamimina vidonge sitini, akampa, akaita mwingine. Na Mama Pasi akaondoka na dawa ya dirisha la mwisho ndani ya bahasha ya presha, roho imetulia. Usimcheke. Bahasha ya presha ikilala mezani hakuna anayeiuliza swali.

Dawa ilifanya kama tabibu alivyosema, bila miujiza. Wiki ya kwanza alikaukwa na kinywa hadi ulimi ukagoma. Wiki ya tatu, jioni moja, aligundua kwamba amekunja nguo za nyumbani kikapu kizima bila kusimama kuvuta pumzi. Maumivu yalikuwepo, ila yalikuwa yamesogea kando, kama mgeni ambaye hatimaye ameelewa kuwa wenyeji wamechoka. Alilala saa tano mfululizo. Aliamka akashangaa dirisha lina mwanga.

Alipopata nafuu yeye, mumewe akaanza kuharibika.

Mume ni seremala. Karakana yake iko mwisho wa mtaa, chumba kimoja chenye paa la bati, na benchi la kazi alilolitengeneza mwenyewe kabla hawajaoana. Ni mtu wa kufanya kazi akiwa wima. Hata chai huinywa kwa miguu, kikombe mkono mmoja, rula mkono wa pili. Basi mtu huyo akaanza kusinzia saa nne asubuhi. Mteja alikuja kufuata meza yake akamkuta amelala juu ya maranda, mdomo wazi. Wiki hiyohiyo alikata ubao wa kitanda mfupi kwa shubiri nzima. Akiinama kuokota msumari, akiinuka anashika ukuta.

"Nimezeeka, Mama Pasi," alisema siku moja wakila. "Yamenifika."

"Umechoka tu, baba. Pumzika siku mbili."

"Mtu aliyechoka akilala anaamka mzima. Mimi nikiamka ndiyo nimechoka zaidi."

Alitania mara mbili tatu kuhusu kununuliwa mkongojo. Halafu utani ukaisha. Jumatatu alimwambia kwamba kuna seremala kijana wa mtaa wa pili anataka kununua benchi na vifaa vyote, na Jumamosi atakuja na mkokoteni. Alisema hivyo akiwa ameshika tama, anatazama sahani. Mama Pasi hakuwahi kumwona mumewe akitazama sahani namna ile.

Jumatano jioni alitia mkono ndani ya bahasha kwenye kabati la vyombo, na vidole vikagusa karatasi. Akaimimina mezani. Vidonge vitano. Alikuwa amemeza ishirini na tatu, si zaidi, maana alianza kuhesabu siku tangu tabibu amwambie ahesabu. Akavihesabu tena.

Mambo yote yalijipanga yenyewe. Dawa za presha za mumewe yeye ndiye aliyekuwa anazichukua, kwa kuwa yuko hukohuko hospitali. Mwezi ule aliambiwa zimeisha, arudi baadaye, akajua mume ana akiba. Mume akiba ilipokwisha hakutaka kumsumbua mtu. Akafungua kabati, akaona bahasha yenye namba yake na neno presha, akaamini kilichoandikwa. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, kama alivyozoea. Kwamba vidonge vilikuwa vya njano hakukumshangaza, kwani pale dawa ileile mwezi huu ni nyeupe, mwezi ujao ni ya waridi, kutegemea mzigo umetoka wapi. Kwa siku kumi na sita mzee wa watu alikuwa anameza usingizi, huku presha yake haina mlinzi.

Hapa nitasema ukweli wote, hata kama unamharibia jina. Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa kunyamaza. Angeficha bahasha, angemtafutia dawa zake duka la nje, na baada ya siku chache mume angeamka mzima akimshukuru Mungu. Hakuna ambaye angejua. Lakini Jumamosi ilikuwa inakuja na mkokoteni wake. Na mtu aliyekaa wiki mbili bila dawa ya presha anatakiwa apimwe, na akipimwa ataulizwa alikuwa anakunywa nini. Zaidi ya yote, mumewe alikuwa anajiona amekwisha, wakati aliyemmaliza ni yeye.

Alhamisi aliomba ruhusa mchana. Alikuta karakana iko kimya, mume ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa, anafuta patasi moja moja kwa kitambaa chenye mafuta na kuzipanga ndani ya sanduku.

"Mbona mapema?" akauliza.

Mama Pasi aliweka bahasha juu ya benchi. "Umekuwa unakunywa hivi?"

"Si vyangu? Namba yangu hiyo."

"Ni vyangu."

"Una presha?"

"Sina. Ni vya dirisha la mwisho."

Mume aliacha kufuta. Hata yeye alilijua dirisha la mwisho. Alimtazama usoni, akatazama bahasha.

"Ndivyo vinavyokulaza," Mama Pasi akasema haraka, kabla moyo haujageuka. "Hujazeeka. Hukuzeeka hata kidogo. Nimekulaza mimi, kwa aibu zangu. Na dawa yako ya presha hujainywa siku kumi na sita, kwa hiyo funga mlango twende ukapimwe."

"Kwanza subiri. Wewe unaumwa nini?"

"Ubavu."

"Ubavu upi?"

Aliuliza kwa dhati kabisa. Hakuwa na ubaya wowote. Mama Pasi akaegemea benchi kwa mkono wa kulia.

"Huu. Wa mkanda wa jeshi."

"Si ulipona?"

"Sikupona. Nilikuambia. Ulikuwa unapiga randa milango ya shule, nikakuambia bado panaungua, ukasema mbona kovu limeshakauka. Nikakuambia tena baada ya mwezi, ukasema lilelile. Basi nikaacha kusema."

Mume aliirudisha patasi sandukuni.

"Mimi nilijua umenichoka," akasema. "Miaka miwili unalala ukutani. Nikiweka mkono unaruka. Nikajiambia, huyu hamu nami imeshamwisha, ananivumilia tu. Nisingeweza kukuuliza. Ningeulizaje?"

"Hata shuka linanitoa machozi, baba. Shuka."

Seremala akasimama kutoka kwenye ndoo, taratibu, akishika ukuta kwa sababu ya kizunguzungu. Akamkaribia. Akanyoosha mkono wake mpana wenye sugu kuelekea ubavuni, kisha ukasimama hewani.

"Ni hapa?"

"Hapohapo. Usiguse."

"Sigusi."

Hakugusa. Aliuacha mkono palepale, umbali wa upana wa kidole kutoka kwenye gauni lililogeuzwa ndani nje, kama mtu anayepima kitu asichotaka kukikosea. Na Mama Pasi, ambaye hakuwahi kulia mbele ya mtu tangu augue, alilia.